Kamba ya Bi Mwatime

Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa. Ndivyo alivyosema shangazi yenu jana pale harusini, nyinyi mlipoguna kwamba somo wa bi harusi, yule kungwi wake Bi Hazina, ni mzee mno, kwamba haoni vizuri hata kutia wanja, na huku wapo wanawake vijana wanaojua kupamba. Mlicheka, kisha mkaniuliza kamba imeingiaje kwenye harusi. Mimi nikanyamaza, maana mtu huenda harusini kula pilau, haendi kutoa darsa. Leo pilau imekwisha. Sogeeni, na asiye na kazi mkononi achukue karanga amenye, kwa sababu sipendi kusimulia watu wakinikodolea macho tu. Methali hii ilianza hivi.

Lakini kwanza mjue kamba ni nini na ukambaa ni nini, maana nyinyi kamba zenu ni za nailoni, mnapimiwa dukani. Kamba ninayoisema mimi ilitoka kwenye nazi. Makumbi yalizikwa pwani, pale kwenye matope ambapo bahari hupanda na kushuka, yakakaa humo miezi mpaka yakalainika na kunuka. Yakafukuliwa, yakagongwa kwa gongo mpaka usumba wake, zile nyuzinyuzi, ukaachana na ganda, ukaanikwa juani, kisha ukasokotwa katikati ya viganja viwili. Kamba hiyo ndiyo iliyofunga paa la nyumba, ikawamba vitanda na kuteka maji kisimani. Ukambaa ni mdogo wake aliyejaliwa sura. Huo husukwa kwa miyaa ya mkindu iliyotiwa rangi, mwekundu huku, mweusi kule, laini mkononi. Ukiutazama unatamani kuuvaa. Ukiuvuta kwa nguvu, shauri yako.

Basi katika kijiji cha Mtomondoni alikuwapo mwanamke akiitwa Bi Mwatime. Kusokota kamba huko kulikuwa kazi ya wanawake, na kila mwanamke alikuwa na shimo lake pwani la kuzikia makumbi, amelizungushia mawe yake mwenyewe. Shimo haliuzwi wala haliazimwi. Mama akifa, binti au mkwe hulirithi, na mtu kutia kumbi lake katika shimo la mwenziwe ilikuwa sawa na kuingia jikoni mwa watu bila hodi.

Bi Mwatime alifiwa na mumewe mapema, akamlea mwanawe wa pekee, Vuai, kwa kamba hizo hizo. Kamba zake zilijulikana. Ungeweza kufumba macho ukaipitisha moja mkononi toka ncha hii mpaka ncha ile usikute kinundu. Kamba ya kisima cha kijiji aliisokota yeye, mwaka aliomzaa Vuai. Kisima chenyewe kilikuwa kirefu. Ukitupa jiwe ulipata nafasi ya kupiga chafya kabla hujalisikia likigota maji. Wanawake wote wa Mtomondoni waliteka kwa kamba ile, mabibi na wajukuu, na hakuna aliyeiita kamba ya kisima. Iliitwa kamba ya Bi Mwatime.

Sasa uzee haupigi hodi, na kwa Bi Mwatime uliingilia vidoleni. Asubuhi aliamka vimekunjika, akavikanda kwa mafuta ya nazi ya moto, vikanyooka kidogo, na jioni vikakunjika tena. Lakini maji yakipwa alikwenda pwani na wenziwe, akakaa chini ya kibanda chao cha makuti, akasokota. Mwenyewe aliona usumba unamponyoka. Aliona kamba inalegea hapa na kufanya donge pale. Jua likiwa kali aliiacha pale pale kibandani, akarudi nyumbani kupumzika, na kesho yake akiichukua aliikuta imenyooka, safi, kama zamani. Akajiambia kwamba macho yake ndiyo mabaya, mikono bado imo. Kila mtu ana uongo wake anaojilia asubuhi na chai.

Siku moja alifika nusu ya njia ya nyumbani akakumbuka kijaluba chake cha tambuu, akarudi. Alipokaribia kibanda aliona wanawake wamekaa duara, na katikati yao yuko Mize, mke wa Vuai, na mapajani mwa Mize iko kamba aliyoisokota yeye asubuhi ile. Ilikuwa imefumuliwa yote. Mize alikuwa akiisokota upya, na mwenziwe Mosi akimpasia usumba. Walipomwona mikono yote ikasimama. Mosi akauficha usumba nyuma ya mgongo, kama mtoto aliyekutwa na sukari.

Bi Mwatime hakupandisha sauti. Aliinama akachukua kijaluba, akasema, "Nimesahau tambuu yangu," akaondoka. Njiani hakuiona njia. Alikuwa akiwaza neno moja tu, lile la wahenga kwamba akufukuzaye hakwambii toka. Kumbe kwa muda wote huo walikuwa wakimvumilia. Kumbe alikuwa akienda pwani kila siku kuwaongezea kazi.

Maji yalipopwa tena alikwenda peke yake, mapema kabla ya wenziwe, akang'oa mawe ya shimo lake moja moja akayatupa kando. Tangu Mtomondoni iwe Mtomondoni, hakuna aliyewahi kuona mtu aking'oa mawe yake angali hai. Habari zilifika nyumbani kabla yake. Vuai alimpokea mlangoni, akamwambia kwa upole, "Umefanya vyema, mama. Umefanya kazi ya watu wawili maisha yako yote. Sasa kaa, tukutumikie sisi." Hakuna neno alilolisema Vuai maishani mwake lililomchoma mama yake kuliko hilo, na alilisema kwa mapenzi matupu.

Vuai alikuwa mwana mwema, na wema wake ndio uliokuwa adhabu. Alimtengenezea mama yake kitanda kipya, akakiweka upenuni penye upepo, na kuanzia hapo Bi Mwatime akawa wa kuletewa. Aliletewa uji, aliletewa maji ya kunawa, aliletewa na salamu. Akiinua ufagio, alipokonywa. Akishika kata ya maji, aliambiwa, "Kaa, mama." Mbuzi wa nyumba ile walikuwa na shughuli nyingi kuliko yeye. Basi akabaki na ulimi, maana ulimi ndio kiungo pekee walichosahau kumwambia akipumzishe. Alimwambia jirani kwamba ukuta wake umepinda. Alimwambia mpita njia kwamba anatembea kama anayedaiwa. Alikuwa na kisa na jogoo fulani, kwamba anawika bila nia. Watu walicheka wakapita, na yeye alibaki upenuni na uchungu wake, kwa sababu hakuwa akitania. Alikuwa akijiuliza kuna haja gani ya yeye kuamka kesho, na hakupata jibu.

Na Mize? Mize alileta uji kila asubuhi kwa mikono miwili, kwa adabu, na Bi Mwatime akaupokea kwa adabu, na kati yao hapakuwa na kitu kingine. Mize wakati huo alikuwa mjamzito. Mimba zake mbili za mwanzo hazikufika, na hii ya tatu ilikuwa imekua mpaka watu wakaogopa hata kuitaja. Siku moja alisimama na bakuli mkononi akasema, "Mama, siku ile kule pwani..." Bi Mwatime akaonja uji, akasema, "Leo hamkutia sukari." Mize akarudi jikoni kuleta sukari, na maneno yake akarudi nayo.

Baada ya hapo wanawake wakakubaliana kuitoa kamba ya kisima. Ilikuwa imekatika nyuzi za juu na imekuwa nyeusi kwa maji na mikono, na wakaona bora waipumzishe kabla haijawaangushia ndoo. Walitafuta kamba mpya iliyo nzuri kuliko zote, na ikapatikana ile ya Mize. Kamba kuukuu waliiosha, wakaikunja vizuri, wakaja nayo upenuni kwa Bi Mwatime, kundi zima, kwa heshima.

"Kaifungieni mbuzi," alisema Bi Mwatime, wala hakuigusa.

Wakatazamana. Vuai akaipokea yeye, akaitundika kwenye kigingi cha ukutani, juu ya kitanda cha mama yake, kwa kuwa hakujua pa kuiweka. Ikawa Bi Mwatime akilala chali anaiona. Wakati mwingine, akiwa peke yake, aliisemesha. "Tumekuwa wawili," aliiambia. "Wewe wamekutoa kisimani, mimi wamenitoa pwani. Tofauti yetu wewe hawakupi uji."

Haya. Sasa hapa pana desturi moja lazima muijue. Mtomondoni zamani mzazi alijifungua kwa kupiga magoti, ameshika kamba iliyofungwa kwenye boriti, uchungu ukija avute. Na kamba hiyo ilikuwa zawadi ya mashoga zake. Mimba ikikomaa walikaa wakamsukia ukambaa wa rangi, mzuri kadiri walivyoweza, wakautundika ndani wenyewe kwa nyimbo na utani. Wengi walijaliwa wepesi, wakajifungua na ukambaa ukabaki mzima, na mama akaukata kipande akamfunga mtoto mkononi. Kwa hiyo hakuna aliyeona kosa. Mosi na wenziwe walimsukia Mize ukambaa ambao watu walikuja kuutazama kutoka mitaa mingine.

Uchungu ulimshika Mize kunapambazuka. Akaitwa mkunga, Bi Kazija, mwanamke mnene asiyependa mzaha kazini. Desturi ilimtaka mama wa mume aingie na mkunga. Bi Kazija alipopita upenuni alisimama kumngoja Bi Mwatime, na Bi Mwatime akamwambia, "Ingieni wenye mikono." Bi Kazija akamtazama kidogo, akaingia.

Jua likapanda. Ndani sauti ya Mize ilikuja na kuondoka. Vuai alikaa nje ya ua, amejiinamia, akichora chini kwa kijiti na kufuta. Adhuhuri ilifika mtoto hajafika. Kisha kukasikika kishindo cha mtu kuanguka, na wanawake wakapiga ukelele kwa pamoja, na Bi Mwatime pale kitandani akajua bila ya kuambiwa kwamba ukambaa umekatika. Mosi alitoka mbio akapita mbele yake, akarudi na kamba mpya ya usumba, ile ile ya mkono wa Mize mwenyewe, iliyoletwa kutoka kisimani. Kamba hiyo ilikuwa na nguvu, hata ng'ombe haikati. Lakini usumba mpya una miiba yake. Kisimani unaushika ukiwa umelowa, unavuta ndoo, unauacha. Mwanamke mwenye uchungu haiachi kamba. Punde Bi Mwatime akamsikia Mize akisema kwa sauti ndogo, sauti ambayo hakupata kuisikia kwake, kwamba hawezi tena, wamwache.

Bi Kazija akatoka, jasho linamtiririka, akasimama mbele ya kitanda cha upenuni.

"Bi Mwatime, wewe umekaa hapa kama mwalikwa?"

"Nifanye nini huko ndani, Kazija? Mikono yangu unaijua. Haisokoti tena."

"Nani kakwambia ndani tunasokota kamba?"

Bi Mwatime akaikunjia mikono ndani ya kanga.

"Ukambaa umekatika," alisema Bi Kazija. "Kamba mpya imemchuna viganja, ina damu, haishikiki. Nguvu anazo bado, ila moyo umemtoka. Na anamwita mama. Mama yake mzazi yuko kaburini, kwa hiyo najua ni nani anayeitwa. Kama unajua pia, inuka. Kama hujui, niambie nirudi ndani, maana sina wakati wa kubembeleza watu wawili."

Bi Mwatime akainuka. Ili asimame alijishikiza ukutani, na mkono wake ukaangukia kwenye ile kamba kuukuu. Tangu itundikwe pale hakuwa ameigusa hata siku moja. Alitazamia kuukuta usumba alioujua, ule wa kuchoma. Hakuukuta. Mikono ya wanawake wa kijiji kizima, miaka na miaka, asubuhi na jioni, ilikuwa imeisugua kamba ile mpaka miiba yake yote ikaisha, ikawa laini kama kanga iliyofuliwa sana. Akaishika kwa mikono miwili akajibwaga nayo kwa uzito wake wote. Kigingi kililia. Kamba haikusema kitu.

Akaitundua, akaingia nayo ndani.

Mize alikuwa amelala ubavu mkekani, amefumba macho. Bi Kazija akaipitisha kamba juu ya boriti, akaikaza kwa mafundo mawili. Bi Mwatime akapiga magoti nyuma ya mkwewe, akamwinua taratibu akamwegemeza kifuani pake, akaichukua mikono yake iliyochunika akaiweka juu ya kamba.

Mize akafumbua macho. Akaipapasa. "Hii ya kisimani," alisema.

"Ndiyo."

"Nimeivuta tangu sijaota meno ya pili."

"Basi vuta na leo. Inakujua."

Mize akafunga viganja, havikumuuma. Na juu ya viganja vyake Bi Mwatime akaweka vya kwake. Vidole vile, vilivyokataa kusokota, vilikuwa vimekwisha kukunjika kwa umbo la kamba, na vilipoizunguka vikakaa. Hata angetaka kuiachia upesi asingeweza. Uchungu ukaja, wakavuta wote wawili, na mzee yule akahisi nguvu ya ujana inapita mgongoni mwa Mize na kuingia kifuani mwake, na yeye akawa ukuta wake.

"Usishindane nao," alimwambia sikioni. "Ukija, vuta. Ukiondoka, pumzika na wewe. Hata kisimani anayevuta kwa hasira humwaga nusu ya ndoo."

Uchungu ukaondoka. Mize akahema, kichwa kimelala begani kwa mama mkwe wake.

"Mama, siku ile kule pwani."

"Si wakati wake, mwanangu."

"Ndio wakati wake. Nikifa je?"

"Hufi. Haya, sema."

"Hatukuwa tukikucheka. Tulizifumua kwa siri ili usijue. Tulijua ukijua hutakuja tena."

"Na nisipokuja? Kamba si mnazo?"

"Kamba tunazo," alisema Mize. "Ila ulipoacha kuja tunasokota kimya kama wafiwa. Mosi na wifi yake wamegombana kwa ajili ya shimo na hakuna wa kuwaamua. Hakuna anayetuambia nani aliolewa na nani, wala kwa nini mwamba ule wa pwani unaitwa vile unavyoitwa. Mama, hatukuwa tunataka kamba zako. Tulikuwa tunakutaka wewe."

Kabla Bi Mwatime hajafungua kinywa, uchungu ukaja. Machozi yalimtoka yakamlowesha Mize shingoni, na Mize alidhani ni jasho. Wakavuta.

Hawakuhesabu walivuta mara ngapi. Mara nyingine Bi Mwatime alimsimulia vitu vya kipuuzi, kisa cha jogoo anayewika bila nia, na Mize akacheka katikati ya maumivu, jambo ambalo Bi Kazija alisema hajaliona tangu aanze ukunga. Mwadhini alipokuwa akiadhini alasiri, mtoto akalia. Alikuwa wa kike, mzima, mwenye hasira. Ilibidi Mosi amfungue Bi Mwatime vidole kimoja kimoja ili kuvitoa kwenye kamba, na bibi yule akiwa anafunguliwa alikuwa akicheka na kulia kwa pamoja.

Vuai alipoingia kumwona mwanawe, alitaka mtoto aitwe Mwatime. Mama yake akakataa. "Mtafutieni jina lake," alisema. "Langu bado nalitumia." Wakamwita Riziki.

Arubaini ilipokwisha, maji yalipopwa, Mize akaenda pwani na mtoto mgongoni, na Bi Mwatime akafuatana naye. Akakuta mawe yake yote yamerudishwa na wenziwe, yamelizunguka shimo kama alivyokuwa ameyapanga mwenyewe. Hakuna aliyekuwa amelifukia wala kutia kumbi lake humo. Aliyagusa moja moja, na moyo wake ukafurahi sana. Kisha akamwambia Mize, "Shimo hili lako sasa. Zika makumbi yako, lipanue kidogo upande huu, mimi nilikuwa mvivu wa kuchimba." Mwenyewe akamchukua mjukuu wake, akapanda kibandani, akakaa juu ya kinu kilichopinduliwa.

Na hapo ndipo alipokaa miaka yake iliyobaki. Hakusokota tena, na haikumuuma. Wenye watoto walimwachia watoto, wenye ugomvi walimletea ugomvi, na aliwaamua Mosi na wifi yake kwa namna ambayo kila mmoja aliondoka akidhani ameshinda. Ukuta wa jirani aliuacha upinde utakavyo. Asubuhi vidole viliamka vimekunjika kama kawaida, naye akavikanda, ila sasa alikuwa akivikanda kwa haraka, maana maji hayamngoji mtu.

Kamba kuukuu aliiweka ndani, ndani ya kikapu, pamoja na mafuta na kanga safi. Mimba ya mwanamke yeyote ikikomaa, Bi Kazija alipitia mlangoni kwake kwanza. Walikwenda pamoja, mkunga, bibi na kamba.

Zamu ya Mosi kujifungua ilipofika, wasichana wa rika jipya walimsukia ukambaa wa kupita ule wa Mize. Waliusuka maradufu, wakaupamba kwa simbi, yale makombe madogo ya pwani, wakaapa kwamba huo hautakatika. Bi Mwatime alipoingia waliutandaza mbele yake ili ausifu. Aliupapasa wote, akauliza rangi nyekundu wameipata wapi, akawasifu kwa kweli, maana ulikuwa mzuri. Akasema, "Utundikeni hapo mbele, mzazi apate kitu cha kutazama." Kisha akaitoa kamba yake kikapuni, nyeusi, imenyauka, akampa Bi Kazija aifunge kwenye boriti.

Msichana mmoja akasema kwa kusikitika, "Lakini, bibi, hiyo si kuukuu? Na huu tumeusuka juzi tu."

"Ndiyo, mwanangu," alisema Bi Mwatime akipiga magoti nyuma ya Mosi. "Lakini ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa."

Hakulisema kwa kujigamba. Alilisema kama mtu anayewaambia wenziwe mvua inakuja, ingizeni nguo. Wasichana wakalibeba neno hilo mpaka pwani, likatoka pwani likaingia mitaani, na watu wengi walilitumia bila ya kujua kwamba kulikuwa na kamba hasa, na bibi hasa, na mtoto aliyelia alasiri.

Sasa turudi kwenye harusi yenu. Ni kweli Bi Hazina hakutia wanja. Wanja walitia vijana, na ulinyooka, mimi mwenyewe niliusifu. Lakini bi harusi alipoambiwa atoke akae mbele ya watu, aling'ang'ania mlango pale, mkawa mnamsukuma atoke na yeye hatoki. Mlikuwapo mmesimama, na mlipiga picha. Mlimwona akinyoosha mkono akamshika nani?

Haya, msinijibu mimi. Menyeni karanga. Ukuukuu wa kamba si upya wa ukambaa.